Umri wa Gari

Fomu ina visanduku vidogo kama vyumba vya kupanga,
kila neno sharti liinamishe kichwa ndipo liingie.
Aina ya gari: nikaandika Gari.
Karani Nandudu akalikata kwa kalamu nyekundu.
Lilikotoka: nikaandika Namakwekwe,
uani kwangu, nyuma ya choo, penye kivuli cha saa tisa.
Hilo nalo akalikata.

Mwaka wa kutengenezwa.

Hapo mkono ukasimama.

Kwa sababu injini ni ya Korola ya themanini na tisa,
niliyouziwa na mjane wa Nkoma
pamoja na kuku aliyekuwa akiatamia juu yake;
giaboksi ni ya Suzuki, haijui kwao;
viti ni vya daktari wa meno aliyefunga kliniki,
na mpaka leo mtu akiketi hufungua kinywa.
Kioo cha mbele kilikuwa dirisha la basi.
Bodi ni mapipa ya mafuta ya kupikia: jua likiwaka
gari zima hunukia chapati.
Na michoro yote, kila kona, kila kipimo,
imetoka kwenye daftari la hesabu la binti yangu Mugide,
ambaye hesabu alifeli.

"Mzee, mwaka mmoja tu," akasema Nandudu.
"Kompyuta haipokei ukoo."

Akanieleza sheria ya moshi taratibu, kama anayepima dawa:
likihesabiwa jipya, litapimwa kwa kipimo kipya,
na kipimo kipya hakina huruma.
Likihesabiwa kwa umri wa injini, lina msamaha,
mradi lisibebe watu wa nauli,
mradi lisizurure.
Nje, mkaguzi Wamimbi alikwisha kuingiza mrija kwenye bomba.
Sindano ilipanda kama mbuzi apandaye Wanale,
ikasimama pabaya, ikatutazama.

Sisi Wagisu tuna hesabu yetu.
Mwanamume hahesabiwi siku aliyolia mkononi mwa mkunga;
huhesabiwa mwaka aliosimama mbele ya kisu,
uso umepakwa unga, jicho halipepesi.
Rika langu linaitwa kwa mwaka ule.
Hiyo tarehe iliyo kwenye kitambulisho changu
ilikisiwa na kijana mmoja aliyenitazama meno
kama mnunuzi wa ng'ombe,
akaandika Januari mosi.

Kwa hesabu yetu, basi, gari hili ni la Ijumaa iliyopita,
saa kumi na moja kasoro, mvua ikinuka mlimani,
lilipokohoa mara mbili likashika,
Mugide usukani, mimi nyuma nikisukuma,
na ghafla mikono yangu haikuwa na kitu cha kusukuma.
Nilianguka kifudifudi kwenye matope.
Nikabaki humo humo, nacheka.
Hiyo ndiyo siku yake. Ningeiapia mahakamani.

"Ukiiandika hiyo," akasema Nandudu bila kuinua macho,
"utalirudisha nyumbani kwa kamba."

Nikaandika themanini na tisa.
Sikudanganya, chuma kina mwaka wake,
lakini nilijihisi kama mtu aliyempa mwanawe
jina la jirani.

Muhuri ukaanguka. Bamba la namba
halikukubaliana na matundu niliyotoboa,
tukalifunga kwa waya wa uzio.
Mugide alikuwa amekalia bawa la gurudumu, anaguguna hindi.
"Limepita?"
"Limepita. Shuka hapo, ulisalimu kwanza.
Tangu leo limekuzidi miaka kumi na sita."

Akafuta kinywa kwa mkono,
akapiga goti nusu mbele ya zile taa mbili zisizofanana:
"Shikamoo."

Nikazungusha ufunguo. Likakohoa mara ya kwanza,
likakohoa mara ya pili
kama anayesafisha koo aitikie marahaba,
likashika.